Mawe yanayoelea ufukweni Tanga: umri na asili ya jiwe la volkano hupimwaje?

#1 Mkaa Mwambani (mwanzisha uzi)

Wakuu, asalaam aleykum na habari za muda huu.

Kila kusi ikishika, ubishi ule ule unarudi kwenye magrupu ya hapa Tanga. Mtu anaokota ufukweni, kuanzia Raskazone mpaka huku kwetu Mwambani, jiwe la kijivu, jepesi, limejaa matundu, ukilitupa majini linaelea. Wengi wanalijua kwa kusugulia visigino. Mmoja atasema limeshuka na Mto Pangani kutoka Kilimanjaro, mwingine ni povu la bahari lililoganda, wa tatu anaapa limetoka Ngazija. Nimefanya kazi na mawe ya volkano muda mrefu, porini na maabara, nikaona nifungue uzi wenye nyama badala ya kujibu vipande vipande.

Povu ni povu kweli, ila la magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma yenye silika nyingi na gesi nyingi ikilipuka, inatoka ikiwa imeumuka na kuganda papo hapo kuwa kioo chenye matundu. Sehemu kubwa ya mawe ya namna hii yanayozurura baharini inatoka kwenye matao ya visiwa: Indonesia, Tonga, Japani na kwingineko. Tao la visiwa ni mstari uliopinda wa visiwa vya volkano, unaoota pale bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bamba jingine. Likifika kina cha kilomita 100 hivi linatoa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini yake. Maji yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu, na mwamba ule unaanza kuyeyuka bila kuongezewa joto, kwa kuwa maji yameshusha kiwango chake cha kuyeyukia.

Pwani yetu inaijua habari hii tangu zamani. Krakatau, kati ya Java na Sumatra, ililipuka tarehe 27 Agosti 1883, watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi wao kwa mawimbi. Mlio ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, kilomita 4,800 hivi, upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Kisha Julai 1884, kwa kumbukumbu za shule ya misheni huko Unguja, watoto waliokota ufukweni mawe yanayoelea, na pamoja nayo mafuvu na mifupa ya watu. Mkondo wa bahari unaokwenda magharibi chini ya Ikweta ulikuwa umeyaleta karibu miezi 11.

Sasa, ukiwa na jiwe mkononi utajuaje ni la wapi na la lini? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: umbo halitoshi, na ramani haitoshi. Unahitaji umri na kemia, vyote viwili, kutoka jiwe moja lililo zima, lisiloliwa na chumvi wala mvua. Na kabla ya kuamini namba yoyote ya maabara, uliza kwanza jiwe lilichaguliwaje na lilisagwa kwa kitu gani. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Karibuni.

#2 Binti Chumbageni

Mkuu ahsante sana kwa uzi. Hiyo habari ya Unguja imenisisimua, mafuvu yamefika mpaka huku!

Naomba uanze na umri. Mimi nilisoma jiografia mpaka kidato cha sita, tukaambiwa tu "wanasayansi walipima". Walipima nini? Jiwe linatunzaje umri wake?

#3 Mkaa Mwambani

Swali zuri dada, na hapa nitakaa kidogo.

Saa inayotumika zaidi ni ya potasiamu na agoni. Kati ya kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, nayo inaoza polepole mno: nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazooza, kama 89 zinageuka kalisiamu na kama 11 zinageuka agoni-40. Kalisiamu hatuishughulikii, jiwe limejaa kalisiamu tayari. Agoni ndiyo yenye faida. Ni gesi isiyoungana na kitu, kwa hiyo lava ikiwa bado majimaji inatoroka, na lava ikishaganda, agoni inayozaliwa inabaki imenaswa ndani. Pima potasiamu iliyopo, pima agoni iliyonaswa, utapata muda uliopita tangu lava igande.

Njia hii ina historia nchini kwetu. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na wapimaji wa umri wa mawe Evernden na Curtis walitangaza umri wa tabaka la chini la Olduvai, miaka milioni 1.75 hivi, kutokana na majivu ya volkano. Dunia ilikuwa haijategemea mabaki ya binadamu wa kale yawe na umri mkubwa kiasi hicho.

Baadaye njia ikaboreshwa. Badala ya kupima potasiamu kwenye kipande kimoja na agoni kwenye kingine, chembe zinapelekwa kwenye kinu cha nyuklia. Nyutroni zinageuza sehemu ya potasiamu-39 kuwa agoni-39. Sasa vyote viwili ni gesi moja, vinapimwa kwa mashine moja kutoka chembe ile ile. Pembeni yake inawekwa feldispa ya umri unaojulikana, maarufu ni ile ya Fish Canyon huko Marekani, ya miaka milioni 28.2, ili kujua nyutroni zimefanya kazi kiasi gani. Kisha chembe inapashwa moto kwa hatua, kila hatua inatoa gesi na kila gesi inatoa umri wake. Hatua nyingi mfululizo zikikubaliana, una umri wa kuaminika. Zikipanda na kushuka ovyo, jiwe limevurugwa, liache.

Njia hii ilijaribiwa kwa Vesuvio, volkano ya Italia, ambayo tunajua ililipuka mwaka 79. Mwaka 1997 ilitolewa taarifa ya umri wa miaka 1,925, kwa kosa la miaka 94 huku na huku. Umri wa kweli kwa wakati huo ulikuwa miaka 1,918.

Lakini mjue kwamba Vesuvio ina fuwele zenye potasiamu tele. Lava nyingi za matao ya visiwa, kama za Tonga na Mariana, zina potasiamu kidogo, mara nyingi oksaidi yake haifiki asilimia 1. Potasiamu kidogo na umri mdogo maana yake agoni kidogo, wakati hewa tunayovuta ina agoni karibu asilimia 0.93 na inajipenyeza kila mahali. Kinachookoa ni agoni-36. Hewani, kila atomi moja ya agoni-36 inaambatana na atomi 298 hivi za agoni-40. Ukipima agoni-36 unajua ni agoni-40 kiasi gani imetoka hewani, nayo unaiondoa kwenye hesabu.

Saa nyingine nizitaje kwa haraka. Fuwele za zirkoni zinaingiza urani na kukataa risasi, kwa hiyo risasi inayokutwa ndani imezaliwa humo humo. Ni saa imara kuliko zote, ila zirkoni ni adimu kwenye basalti, lava nyeusi yenye silika kidogo. Mkaa wa miti iliyofukiwa na majivu unapimwa kwa kaboni-14, mpaka miaka 50,000 hivi nyuma. Huko Santorini, volkano ya tao la Ugiriki, tawi la mzeituni lililofukiwa lilipimwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yakaupeleka mlipuko ule mwishoni mwa karne ya 17 kabla ya Kristo, mapema kuliko walivyokuwa wakihesabu wengi wa wanaakiolojia. Mjadala haujafungwa mpaka leo.

#4 Fundi wa Kinu

Shikamoo mkuu, na heshima kwenu wote. Mimi ni fundi maabara, kazi yangu kwa miaka ni kuvunja, kusaga na kuandaa mawe. Niongeze hapo kwenye "lilisagwa kwa kitu gani", maana watu wanaona ni jambo dogo.

Jiwe likifika, kwanza unalikata ganda lote la nje kwa msumeno wa almasi. Msumeno unaacha mistari inayong'aa, hiyo nayo unaisugua mpaka iishe, kwa sababu ni chuma. Kipande kimoja unakinoa mpaka kibaki unene wa milimita 0.03, mwanga unapita, unakitazama kwa hadubini. Ukiona kioo kimegeuka udongo wa kahawia au matundu yamejaa madini meupe, jiwe hilo limechakaa. Ambaye hajafanya hatua hii anapima matope bila kujua.

Za kupimia umri tunazivunja taratibu, tunachekecha, tunaosha kwa asidi hafifu, halafu unakaa na hadubini na kibano unachagua punje moja moja. Shingo inauma kwelikweli. Unaacha fuwele kubwa zilizoganda mapema chini ya volkano, maana zinaweza kuwa zimebeba agoni ya zamani, unachukua chembe laini za lava yenyewe.

Za kemia ndizo zinazoingia kwenye kinu. Kinu cha tangsteni kabaidi kinasaga haraka na vizuri, mafundi wengi wanakipenda. Lakini kinaacha tangsteni na kobalti kwenye unga, na tantalamu, na hata niobiamu kidogo. Mkuu atawaeleza kwa nini hizo mbili za mwisho ni roho ya kazi nzima. Kinu cha chuma nacho kinaongeza kromiamu na nikeli. Kwa mawe ya matao mimi nasaga kwa kinu cha akiki, kinachukua muda mrefu zaidi, na kati ya jiwe na jiwe nasaga mchanga safi wa kwazi kukisafisha.

Unga mmoja unayeyushwa na chumvi ya lithiamu kwenye kikombe cha platinamu, joto linapita nyuzi 1,000, unamimina unapata kidonge cha kioo, kinapigwa eksirei kupata silika, chuma, magnesiamu na wenzao. Unga mwingine unayeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki ndani ya chupa za tefloni, kisha unapelekwa kwenye mashine ya plazma kwa elementi zilizo chache. Asidi ile inakula kioo na ikigusa ngozi inapenya mpaka mfupani, haifanyiwi kazi na mtu aliye peke yake chumbani.

Na kila kundi la mawe linapimwa pamoja na mawe ya kulinganishia ambayo majibu yake yanajulikana. Kwa matao kuna JB-2, basalti ya volkano ya Oshima ya Japani. Namba za JB-2 zikitoka kombo, za kwako zote ni kombo.

#5 Nahodha wa Kale

Marahaba wanangu. Mie si msomi wa mawe lakini bahari naijua, na Ngazija nimekaa. Karthala niliiona ilipotoa majivu mwaka 2005, Moroni nzima kiza, hata maji ya kunywa yakaharibika.

Sasa nauliza: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, visiwa vinne, vyote vya volkano, vimepangana kwenye mstari. Kwa nini lisiwe tao la visiwa? Na hayo mawe kwa nini yasiwe ya huko, palipo karibu, badala ya kuyatafuta Java?

#6 Mkaa Mwambani

Shikamoo nahodha. Swali lako ndilo linaloonyesha kwa nini ramani haitoshi.

Mstari upo, lakini chini ya Komoro hakuna bamba linalozama. Na hili linaonekana kwenye jiwe lenyewe, huhitaji hata kujua liliokotwa kisiwa gani. Bamba linapozama, maji yanayotoka humo yanayeyusha na kubeba baadhi ya elementi na kuziacha nyingine, kama maji ya moto yanavyotoa rangi ya majani ya chai na makapi yakabaki kwenye chujio. Bariamu, rubidiamu, strontiamu, potasiamu na risasi vinabebwa. Niobiamu na tantalamu vinabaki. Kwa hiyo ukizipanga elementi kwenye mchoro, lava ya tao ina bariamu juu, na kwenye niobiamu na tantalamu mstari unazama kama bonde ukilinganisha na majirani zake. Bonde lile la niobiamu na tantalamu ndiyo saini ya matao dunia nzima. Ndiyo maana Fundi anakikimbia kile kinu: tantalamu ya kinu inalifukia bonde lile, na jiwe la tao linasomeka kama si la tao.

Lava za Komoro ziko kinyume, zina niobiamu nyingi. Hata volkano mpya iliyozaliwa chini ya bahari mashariki mwa Maore mwaka 2018, ikainuka kama mita 800 kutoka sakafuni, imetoa lava ya jamii hiyo. Kilimanjaro na Meru nazo ni za bonde la ufa, zina niobiamu nyingi vilevile. Basi jiwe letu la ufukweni likiwa na bonde la niobiamu, Pangani na Ngazija zinatoka zote mbili kwenye orodha.

Kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Miale kutoka anga za juu inapopiga hewa inatengeneza beriliamu-10, mvua inaishusha, inatulia kwenye matope ya sakafu ya bahari. Nusu yake inaisha kwa miaka milioni 1.4 hivi, kwa hiyo ndani kabisa ya dunia haipo, ilikwisha zamani. Lakini miaka ya 1980 watafiti waliikuta kwenye lava mpya za matao kama Aleutia na Amerika ya Kati. Lava za Hawaii hazina. Njia ya kuifikisha huko ni moja tu: matope ya bahari yalizama na bamba, yakashuka kilomita nyingi, yakarudi juu na magma, na safari yote ikaisha kabla beriliamu haijamalizika. Hapo kemia na umri vimekuwa kitu kimoja. Elementi ile ile inakwambia nini kilizama, na inakwambia kilizama lini.

Radiamu inabana muda zaidi. Radiamu-226 inapungua nusu kwa miaka 1,600, na lava za Tonga zimekutwa na radiamu nyingi kuliko inavyostahili kwa toriamu iliyomo, ambayo ndiyo inayoizaa. Ziada hiyo ingekwisha ndani ya miaka 8,000 hivi. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye bamba la chini yamefika juu, ndani ya lava, kwa miaka elfu chache tu.

#7 Mtaka Hoja

Nimesoma vizuri na nawaheshimu wote, lakini kuna kitu kinanitatiza na nataka jibu la wazi. Nimewahi kusoma kwamba lava changa kabisa ilipimwa kwa agoni ikaonekana ina mamilioni ya miaka. Kama saa inakosea kwenye lava ambayo umri wake tunaujua, nitaiaminije kwenye lava ambayo hakuna aliyeiona ikitoka?

#8 Mkaa Mwambani

Ulichosoma ni kweli, mkuu, na waliogundua ni wapimaji wenyewe. Mwaka 1968 zilitolewa taarifa za lava za chini ya bahari kwenye mteremko wa volkano ya Kilauea, Hawaii. Ganda la kioo la nje lilitoa umri wa mamilioni ya miaka, wakati lava yenyewe ni changa. Lava ikitokea kina kirefu, uzito wa maji unaikandamiza na baridi inaigandisha mara moja, agoni iliyokuja nayo kutoka chini inakosa nafasi ya kutoroka. Kiini cha lava hiyo hiyo, kilichopoa taratibu, kilikuwa na agoni ya ziada iliyo chache kuliko ya ganda.

Tangu hapo kioo cha nje hakichukuliwi kwa kupima umri. Linachukuliwa jiwe la ndani. Ni kioo kile kile ambacho kwa kemia ni bora kuliko kiini, kwa kuwa kimehifadhi magma kama ilivyokuwa. Jiwe moja, lakini sehemu ya umri siyo sehemu ya kemia.

Na hakuna mtu makini anayesimama kwenye saa moja. Mwaka 2014 meli ya kuchimba ilitoboa sakafu ya bahari mbele ya tao la Izu-Bonin, kusini mwa Japani, kutafuta lava za mwanzo kabisa za tao lile. Walikuta basalti ambazo kemia yake karibu haina alama ya bamba linalozama, kisha boninaiti, lava yenye magnesiamu nyingi na silika nyingi kwa pamoja, ambayo inahitaji maji ya bamba ili izaliwe. Zilipopimwa kwa agoni na kwa zirkoni, saa mbili zisizohusiana, zilikubaliana kwamba zote ziko kwenye miaka milioni 52 mpaka 51. Yaani kutoka bamba kuanza kuzama mpaka maji yake kutawala kemia ya lava, ni kama miaka milioni moja. Bila umri usingejua mabadiliko yalikuwa ya haraka kiasi hicho. Bila kemia usingejua kuna mabadiliko.

#9 Mshambaa wa Lushoto

Nimefuatilia kimya, sasa na mimi niulize ya kwetu. Milima ya Usambara ina mawe magumu yenye mistari myeusi na myeupe. Je, na haya ni ya volkano?

#10 Mkaa Mwambani

Hayo kwa sasa ni mawe yaliyopikwa na kukandamizwa chini sana, siyo lava. Lakini umegusa penyewe. Mwamba wa Usambara, Upare na Uluguru uko kwenye ukanda mkubwa unaotoka Msumbiji kwenda kaskazini mpaka Uarabuni. Kule kaskazini, pande mbili za Bahari ya Shamu, ukanda huo umejengwa kwa matao ya visiwa ya kale yaliyogongana na kushikana. Na kwetu, watafiti wengi wanaisoma kemia ya mawe hayo kuwa yalianza kama magma ya tao. Zirkoni zake zimeweka saa mbili kwenye punje moja: kiini kinatunza umri wa magma ya mwanzo, na pete ya nje inatunza wakati mwamba ulipopikwa, miaka milioni 640 hivi iliyopita. Kwenye mawe ya hivyo agoni haifai kwa umri wa mwanzo, joto liliifukuza yote.

#11 Mwalimu wa Pongwe

Mkuu, wanafunzi wangu wa sayansi wanataka kuokota haya mawe ya ufukweni na kuyapeleka yapimwe. Tuanzie wapi tusiharibu?

#12 Mkaa Mwambani

Mwalimu, hongera kwao.

Okoteni kwenye mstari wa maji ya juu, siyo karibu na nyumba, maana ya kusugulia visigino yanauzwa madukani na mtaokota ya dukani. Chagueni makubwa, angalau ngumi ya mtoto, yenye konokono au gamba la bahari limeshika juu yake. Hilo limekaa baharini. Kila jiwe mfuko wake, na karatasi ya penseli ndani: ufukwe, tarehe, nani ameokota. Wino unafutika.

Msiyaoshe kwa sabuni. Vunjeni ganda la nje, chukueni kiini, kilowekeni kwenye maji yasiyo na chumvi, mkibadilisha maji kila siku kwa wiki kadhaa, kwa sababu matundu yale yanashika chumvi na chumvi inaleta sodiamu na strontiamu za bahari. Kisha kaushieni kivulini.

Umri msiuombe, ingawa mwanzo nilisema vinatakiwa vyote viwili. Hata likiwa la Krakatau, jiwe la miaka mia moja na ushee ni changa mno kwa agoni, kosa la kipimo litakuwa kubwa kuliko umri wenyewe, na nchini hatuna kinu cha nyuklia cha kuandalia chembe. Ombeni kemia ya kioo. Kuna mashine inayopiga mwale wa elektroni kwenye ukuta wa tundu moja na kusoma silika, potasiamu na wenzake, punje chache zinatosha. Ikifuatwa na kipimo cha bariamu na niobiamu mtajua kama ni la tao, na namba hizo ndizo zinazolinganishwa na za volkano moja moja, Krakatau ikiwamo. Waandikieni idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma, mwambatanishe picha na maelezo ya mahali.

Na tengeni nusu ya kila jiwe libaki shuleni, lisisagwe.